Barua ya Kuomba Jezi

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni, ng'ombe wakirejeshwa zizini, Mwalimu alipobisha hodi nyumbani kwetu akiwa na daftari la kurasa 48 kwapani. Simwiti Mwalimu kwa sababu ya kazi yake ya zamani tu, ingawa alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kijiji kizima humwita hivyo kwa kuwa ndiye kocha, katibu, mganga wa vifundo vilivyoteguka, na mara nyingine mfuaji wa jezi wa timu yetu ya kandanda. Alikaribishwa chai, akanywa nusu kikombe, ndipo akalitamka lililomleta.

"Binti yangu, wewe si unasomea Kiswahili mpaka shahada ya pili? Basi niandikie barua. Msimu unaanza baada ya majuma sita, nasi hatuna jezi."

Nilikubali upesi kwa kudhani kwamba ni kazi ya robo saa. Wakati huo nilikuwa nyumbani, karibu na mji wa Awendo katika Kaunti ya Migori, kwa ile likizo isiyo na jina inayompata mwanafunzi wa uzamili karo inapokwisha kabla ya utafiti. Nilikuwa nimekwisha kuandika sura mbili za tasnifu, pamoja na tahakiki kadhaa ambazo wahadhiri wangu walizisoma pasi na kulalamika sana. Barua ya kumwomba mfanyabiashara mmoja wa mjini Rongo, muuza saruji na mabati, atununulie jezi 15 ingenishindaje? Lakini ndugu msomaji, barua hiyo ilinichukua siku nne, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tatizo lilianzia kwenye aya ya pili. Aya ya kwanza ilikuwa salamu, na salamu katika Kiswahili hujiandika zenyewe. Aya ya pili ilipaswa kumweleza mfadhili timu aombwayo kuisaidia ni timu ya namna gani. Je, nimwambie kwamba msimu uliotangulia tulishindwa mechi 11, tukatoka sare 2 na kushinda 1, tena hiyo moja kwa sababu wapinzani walichelewa kufika? Nimwambie kwamba wachezaji saba wa kikosi cha kwanza wametuacha mkono? Au niandike, kama alivyopendekeza Mwalimu, kwamba sisi ni "timu yenye matumaini makubwa"? Nilipolitazama neno hilo kwenye karatasi, lilinitazama nalo. Matumaini ya nani, na yametoka wapi?

Ili swali hilo lieleweke, sina budi kurudi nyuma kidogo.

Mimi nimezaliwa na kulelewa ndani ya harufu ya miwa. Kiwanda cha South Nyanza, ambacho kila mtu hukiita SONY, kilianza kusaga miwa mwaka 1979, na tangu hapo maisha ya Awendo yamekuwa yakipimwa kwa king'ora chake. Baba yangu aliendesha trekta la kubebea miwa, si kwa kiwanda chenyewe bali kwa mkandarasi mmoja, na nikiwa mtoto niliweza kutambua mngurumo wa trekta lake hata yakipita kumi. Kiwanda kilikuwa na timu ya kandanda. Na mwaka 2006, nikiwa na umri wa miaka tisa, timu hiyo ya mji wa miwa, ambayo watu wa Nairobi waliitaja kwa nadra, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Siwezi kuapa ni mechi gani baba alinipeleka kuitazama mwaka huo. Ninachokikumbuka ni mabega yake, kwani nilikaa juu yake, na vumbi la njano, na mzee mmoja aliyekuwa akiuza njugu huku amewapa wachezaji mgongo. Kila shangwe ilipopanda aliuliza, "Nani? Nani?" bila kugeuka, maana mkono wake ulikuwa ukihesabu chenji. Nakumbuka pia kwamba baba aliimba njia nzima kurudi nyumbani, yeye asiyeimba hata kanisani. Huo ndio ubingwa wa pekee ambao klabu hiyo imewahi kuupata. Kwa mtoto wa miaka tisa haikuwa hivyo: nilidhani timu ya Awendo huchukua kombe kila mwaka, kama vile mvua ya masika inavyokuja.

Mwaka 2019 ukaja na mambo yake. Serikali ilikataa kuhuisha leseni za baadhi ya makampuni ya kamari, na kampuni ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini mkuu wa ligi, ikajiondoa mwezi wa Agosti. Klabu kubwa zilitikisika. Klabu za mikoani, zilizotegemea viwanda ambavyo navyo vilikuwa vimezama katika madeni, ziliishiwa nauli. Msimu huo wa 2019/20 SONY ilishindwa kufika uwanjani mara tatu, na kwa mujibu wa kanuni ikaondolewa ligini. Timu haikufungwa, iliondolewa. Nimewahi kutafakari tofauti ya vitenzi hivyo viwili kuliko ninavyopaswa. Timu iliyofungwa hubaki na mechi ya Jumamosi inayofuata, ilhali iliyoondolewa hubaki na wimbo wa zamani.

Baba alizipata habari hizo kwa redio, nami nilikuwapo. Hakusema neno. Aliizima redio, akatoka nje, akakaa chini ya mwembe mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo sijamwona akienda kutazama mpira uwanjani, wala wa kiwanda, wala wa shule, wala wa timu yetu ya kijijini ambayo mwanawe mwenyewe ni mlinda lango wake. Miwa ameendelea kuilima katika kishamba chake. Ng'ombe anawachunga. Lakini mpira ni jambo tusilolitaja mbele yake, kama familia nyingine zisivyolitaja jina la jamaa aliyepotelea ughaibuni.

Timu yetu ya kijiji, ambayo jina lake nitaliacha kwa kuwa wenyewe hawakuniruhusu kulitangaza, ilichipuka katika miaka hiyohiyo. Vijana walipokosa pa kwenda kutazama kabumbu walianza kulisakata wenyewe, kwenye kiwanja kilichopakana na shule, chenye mteremko upande wa kaskazini kiasi kwamba nahodha akishinda kura ya sarafu hachagui kuanza na mpira bali huchagua mlima. Walijiandikisha katika ligi ya kaunti ndogo. Kwa misimu miwili walifanya vizuri hata wakaanza kuzungumzia kupanda daraja.

Kisha wakavunjika, na hawakuvunjika kwa kishindo. Mmoja alioa. Wawili walinunua pikipiki kwa mkopo, na mwenye mkopo wa pikipiki hana Jumamosi. Wanne walikwenda Macalder, huko Nyatike, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kijana anaweza kushinda shimoni kutwa akatoka na vumbi tupu, au akatoka na kitu kitakachomnunulia mama yake mabati. Siwalaumu. Na fedha za jezi mpya, zilizochangwa shilingi hamsini hamsini sokoni, zilipotea pamoja na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Mtu huyo simtaji, maana nasikia naye alikuwa na mgonjwa hospitalini. Hivyo basi, msimu uliopita walicheza wakiwa na fulana za rangi tatu. Katika mechi moja refa aliwataka wote wavue na wacheze vifua wazi ili aweze kuwatambua. Watazamaji walicheka sana. Mdogo wangu, kwa kuwa ni kipa, alibaki peke yake na fulana yake, na aliniambia baadaye kwamba aliona haya kwa sababu ya nguo aliyovaa kuliko wenzake walivyoona kwa kukosa.

Hii ndiyo timu ambayo nilitakiwa kuiandikia aya ya pili.

Mwalimu alikuwa ameanza kuijenga upya tangu Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN. Msomaji atakumbuka kwamba Kenya, ikiwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, iliwafunga Morocco 1-0 huku ikiwa na wachezaji kumi uwanjani, Morocco haohao walionyakua kombe mwishowe, kisha ikatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Watu wa kwetu walizitazama mechi hizo sokoni, katika kibanda chenye runinga moja. Mwalimu aliniambia kwamba yeye hakuitazama runinga, aliwatazama vijana. Aliyeruka kila goli lilipoingia hakumwandika. Aliwaandika wale waliokuwa wakisogeza miguu chini ya benchi pale kiungo wa Kenya alipopokea mpira, kana kwamba ni wao waliopewa pasi. Aliwapata tisa kwa njia hiyo. Sijui kama mbinu hiyo inafundishwa popote, ila ningependa mwanasaikolojia aichunguze.

Kikosi kipya kina sura ambayo timu yetu haikuwahi kuwa nayo. Zamani walikuwa wote ni Wajaluo wa eneo moja, binamu kwa binamu, na uwanjani walizungumza Dholuo. Sasa beki wa kushoto ni kijana wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, ambaye dada yake ameolewa Awendo. Kiungo mmoja ni Mgusii anayeuza vipuri vya baiskeli. Wawili wametoka Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, na hufika kwa baiskeli wakipita katikati ya miwa. Kwa hiyo lugha ya timu imekuwa Kiswahili, si kwa sera ya mtu yeyote wala kwa azimio la kongamano letu lolote, bali kwa sababu beki wa kushoto akiambiwa jambo kwa Dholuo hupiga mpira nje.

Nimekaa pembeni mwa kiwanja na daftari langu nikawasikiliza. Ni Kiswahili cha vitenzi tu: panda, shuka, fungua, funga, geuza, achia. Kielezi hakina nafasi. Anayeitwa kwa jina hupotezewa nusu ya sekunde, hivyo majina yamegeuka kuwa silabi. Aidha, nimegundua kwamba kitenzi kimoja kinaweza kubeba maana mbili zinazopingana, kwa kuwa "funga" anayoambiwa mlinzi ni kuziba njia, na "funga" anayoambiwa mshambuliaji ni kutia goli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuchanganyikiwa. Sisi darasani tungeandika juu yake makala ya kurasa ishirini.

Wiki ya pili ya mazoezi tulikwenda Homa Bay kucheza mechi ya kirafiki. Nasema "tulikwenda" kwa kuwa Mwalimu aliniteua mtunza mikoba. Tulipanda gari moja la abiria lililopaswa kubeba watu 14 tukiwa 19, tukapita Ranen, tukafika Rongo, tukaacha barabara kuu na kushika njia ya Rodi Kopany. Baada ya Rodi nchi inaanza kuteremka, miwa inabaki nyuma, na ziwa linajitokeza upande wa kushoto mwa fikra kabla halijaonekana kwa macho, kwa sababu upepo unabadilika. Vijana watatu kati yao hawakuwa wamewahi kuliona ziwa. Kijana wa Kehancha alipoliona alinyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama linamilikiwa na mtu.

Mama yangu ni mzaliwa wa huko upande wa Ndhiwa, na kwa desturi yetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa asili yake, hivyo kijijini kwetu yeye ni Nyar Kanyamwa, binti wa Kanyamwa. Kanyamwa ndiko alikotoka Gor, yule mzee aliyesifika kwa mambo ya ajabu hata akaitwa Gor Mahia, na jina lake likatwaliwa mwaka 1968 na klabu ambayo mwaka 1987 ilileta Kenya Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuishinda Espérance ya Tunisia kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Mama hushikilia kwamba damu ya mpira kwa mdogo wangu imetoka kwake, haikutoka kwa dereva wa trekta. Asubuhi ya safari alimwambia hivyo mbele ya baba, na baba akaendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

Tulifungwa 4-1.

Ningeweza kusimulia magoli yote manne kwa kuwa niliyaona kwa uchungu, lakini matatu yalikuwa ya kawaida, na la pili lilikuwa kosa la mdogo wangu: aliutokea mpira wa kona asiufikie. Goli letu ndilo la kusimuliwa. Dakika ya sabini na kitu hivi, beki wa Kikuria alinyang'anya mpira, akaambiwa "achia", akaachia. Mgusii akaambiwa "geuza", akageuza. Mmoja wa wale wa Ndhiwa, anayecheza winga, alikuwa ameanza kukimbia kabla mpira haujapigwa. Alikimbilia mahali ambapo hapakuwa na kitu ila nyasi, na mpira ukamkuta hapo. Watu watatu waliojuana kwa siku kumi na mbili tu. Kipa wao hakujirusha. Wenyeji wenyewe walipiga makofi, na mama mmoja muuza omena aliyekuwa karibu nami aliniuliza ni wa wapi hawa. Nilipomjibu akasema, "Kumbe, Nyar Sakwa. Wataelewana hawa." Kisha akarudi kwenye omena zake.

Njiani kurudi, nilitarajia ukimya. Badala yake kuanzia Rodi Kopany vijana walianza pakruok. Kwa wasomaji wasiotoka kwetu, pakruok ni majigambo ya Kijaluo yanayotolewa hasa ngomani, ambapo mtu hulipa fedha muziki usimame ili ajisifu au amsifu mwenzake, nyumba yake, mto wao, hata ng'ombe wao. Hakukuwa na muziki wa kusimamishwa, hivyo walimlipa dereva shilingi kumi apunguze mwendo. Mmoja akasema yeye ndiye mto usiouliza njia. Mwingine akasema yeye ni mgeni aliyekula kiti cha mwenye nyumba. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, kila mtu akajua ya goli la pili. Alitoa shilingi kumi, akasubiri gari lipunguze mwendo, akasema: "Mimi ni mlango ambao mwizi alipita mara nne, akasahau kofia yake ndani." Gari zima lililipuka. Nilishangaa, kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu naye wakati wa mapumziko na kuona mikono yake ikitetemeka.

Fasihi simulizi nimeifundishwa kwa muda wa miaka sita. Nimeandika kwamba majigambo huwa na dhima ya kumkweza mhusika. Sikuwahi kuandika, kwa kuwa sikujua, kwamba mtu aliyefungwa manne anaweza kuyahitaji kuliko shujaa.

Hapa naomba msomaji anivumilie nizungumzie mchezo ambao sisi wa Kenya magharibi hatuujui sana, yaani besiboli. Huko Uganda upo mji wa Lugazi, nao ni mji wa miwa na kiwanda cha sukari kama Awendo. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yaliyofanyika Poland na kupata haki ya kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Walinyimwa viza za Marekani, wakabaki nyumbani. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walianza upya, wakashinda kanda hiyohiyo, wakapewa viza, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali hizo, na kabla ya kurudi waliifunga timu ya jimbo la Oregon 3-2. Mwanafunzi mwenzangu Mganda ndiye aliyenisimulia haya maktabani, nami nikayathibitisha baadaye. Nilimsimulia Mwalimu kwa nia ya kumtia moyo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Wale wa 2011, je? Wao walifika?" Nikasema hapana, walikuwa wengine. Akatikisa kichwa, akasema basi hiyo si hadithi moja, ni hadithi mbili, na yeye anao vijana wa hadithi ya kwanza.

Nilirudi kwenye barua. Kwa Dholuo neno *geno* hubeba matumaini na pia kumwamini mtu, kiasi kwamba ukisema una geno naye umesema unamtarajia na umemkabidhi. Kiswahili kimetutenganishia: matumaini, matarajio, imani, tegemeo, na chini kabisa, tamaa. Niliandika "matarajio" nikafuta, maana anayetarajia ana hesabu mkononi. Niliandika "tunategemea" nikafuta, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukisema juu ya kiwanda. Hatimaye niliandika ukweli mtupu: mechi 11 tulizoshindwa, vifua wazi, wachezaji saba waliokwenda, tisa waliokuja, goli moja la Homa Bay. Neno matumaini sikulitumia. Mwalimu aliisoma barua mara mbili na kusema kwamba ni barua ya mtu anayeomba rambirambi. Lakini aliitia sahihi.

Ndipo lilipozuka jambo la mdogo wangu. Mjomba wetu alipiga simu kutoka Nairobi kwamba ipo nafasi ya kazi katika ghala moja huko Industrial Area, kubeba na kupanga mizigo, mshahara kila mwisho wa mwezi, aje kabla ya tarehe moja. Tarehe moja ilikuwa siku nane kabla ya mechi ya kwanza. Mdogo wangu ana umri wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne kwa alama zisizompeleka chuoni, na hana kazi nyingine ila ng'ombe wa baba. Usiku alikuja jikoni nilikokuwa nikisoma kwa taa.

"Dada, wewe unasemaje?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza tangu utotoni aondoke, asome, atoke katika miwa. Mimi ndiye ninayedaiwa karo, ambaye mshahara wa mdogo wake ungeweza kumsaidia, na sitajifanya kwamba hesabu hiyo haikunipitia. Aidha, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando ya kiwanja cha Homa Bay na kumwona akiinuka baada ya kila goli, akiutoa mpira wavuni yeye mwenyewe, akiurudisha katikati mbio kana kwamba muda ni mali yake. Nilimwambia kwamba uamuzi ni wake. Ni jibu la msomi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Haya," akaenda kulala. Nimejutia jibu hilo kuliko kosa lolote la sarufi nililowahi kulifanya.

Siku mbili baadaye alimpigia mjomba akaomba aende mwisho wa mzunguko wa kwanza wa ligi. Mjomba, ambaye ni mtu mkali, alimwambia kwamba kazi hazingoji kona. Kisha akasema ataona. Mpaka naandika haya bado anaona.

Mfanyabiashara wa Rongo alijibu kwa kumwita Mwalimu dukani. Alisema barua ilimgusa, kwamba hajawahi kuombwa na watu waliokiri kushindwa mara 11, na kwamba yuko tayari kununua jezi zote 15 pamoja na mipira miwili. Ila zingekuwa na picha ya ndugu yake, ambaye ana nia ya kugombea kiti mwaka 2027. Mwalimu aliomba muda. Alituita wote chini ya mti ulio karibu na lango la kaskazini, akaliweka suala hilo mbele ya wachezaji. Walijadiliana kwa saa nzima kwa kile Kiswahili chao, ambacho safari hii kilikuwa na vielezi tele. Winga wa Ndhiwa alisema kwamba picha haifungi goli wala haizuii. Beki wa kushoto akasema kwao uchaguzi ukifika mtu hupigwa kwa sababu ya fulana. Jambo hilo liliwanyamazisha. Mwalimu akarudi Rongo na jibu, mfanyabiashara akakasirika, na baada ya juma moja akatuma jezi 10 zisizo na picha, za bluu, bila mipira. Sijui ni nini kilichobadilisha nia yake. Mwalimu anasema ni aya ya pili, lakini Mwalimu anapenda kunifurahisha.

Jezi 10 ni za wachezaji wa ndani. Kipa huvaa rangi tofauti, na hakuna aliyemkumbuka kipa. Basi Jumatano nilikwenda soko la Rongo, kwenye marundo ya mitumba, nikaipata moja ya njano, mikono mirefu, imara, kwa shilingi 150. Mgongoni ilikuwa na jina la mtu wa nchi nisiyoijua, limeshonwa kwa uzi mweusi, herufi tisa. Jioni niliketi kizingitini na wembe, nikaanza kulifumua polepole nisiichane. Mdogo wangu alikuwa mazoezini. Baba alikuja kutoka shambani na panga lake, akasimama, akaitazama ile jezi. Siku hiyo walikuwa wamekata miwa. Alisema kwamba wakataji wa siku hizi wanakata juu sana, na shina lililokatwa juu huoza, likikatwa chini karibu na udongo ndipo linapochipua tena lenyewe. Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Akaliegemeza panga ukutani, akanawa mikono, akakaa.

Nilikuwa nimefikia herufi ya sita aliponiuliza mechi ya Jumamosi inaanza saa ngapi.